Mama Subiri, Mhariri Aliyekwenda Kuomba Radhi Jikoni kwa Mpishi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya naye kazi, asanteni kwa kuja. Sisi wa nyumbani tumelia, na tutalia tena, lakini anayetujua ataona kwamba mabega yetu yameshuka, kama ya mtu aliyetua mzigo. Mama aliumwa kwa muda mrefu, na sasa haumwi. Na lile jambo moja lililomweka roho juu kwa miaka mitatu lilikwisha yeye akiwa hai, akaliona kwa macho yake. Aliagiza mwenyewe wasifu huu uandikweje: "Msinipambe. Na lile la mpishi mliseme. Mkiliacha, mtakuwa mmetoa habari nusu." Kwa hiyo litasemwa. Mpishi aliombwa ruhusa kwanza, akasomewa, akakubali.

Mama alizaliwa tarehe 14 Julai 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bomba la maji, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa, na mama yake alikuwa na cherehani barazani, akishonea watu nguo. Dada yake mkubwa, ambaye amekaa hapa mbele, husimulia kwamba siku moja Mama, akiwa bado mdogo wa kung'oka meno ya mbele, alitumwa mbio kwa shangazi akaseme jirani amevunjika mguu. Alifika mlangoni kwa shangazi, akasimama, akafikiri, akageuka. Akarudi mpaka kwa jirani na kuomba aonyeshwe ule mguu. Ulikuwa umeteguka tu. Ndipo akaenda tena kwa shangazi, jasho likimtiririka: "Shangazi, jirani ameteguka mguu, hajavunjika, na nimemwacha anacheka." Mama yake alimgombeza kwa kuchelewa. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana hadi 1974. Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa mwisho kutoa karatasi ya mtihani. "Binti, kengele imelia," mwalimu alimwambia. "Nimeisikia, mwalimu. Nahakikisha tu." Mwaka 1975 alijifunza kupiga taipureta, na baadaye gazeti alilofanyia kazi lilimpeleka chuo cha uandishi wa habari, akapata cheti chake Juni 1981. Cheti hicho kilining'inia sebuleni kwake kikiwa kimepinda kidogo, na hakuna aliyeruhusiwa kukinyoosha kwa sababu msumari ulikuwa umelegea.

Kazi aliianza Machi 1976 kama mpiga chapa, katika chumba cha habari chenye feni moja na moshi wa sigara. Wakubwa walimletea habari zilizoandikwa kwa mkono azipige, naye badala ya kupiga akawa anauliza. "Samahani, bosi, hapa umesema watu wengi. Wengi ni wangapi?" "Samahani tena, huyu aliyesema, alikuwepo?" Wakamchoka, wakampandisha cheo. Akawa msahihishaji, kisha mwandishi, na mwaka 1994 akawa mhariri wa habari. Gazeti lilipofungwa mwaka 2010, wengi wa rika lake walikwenda kupumzika. Yeye alikaa nyumbani miezi michache, akapanga upya kabati za jikoni, akazipanga tena, mpaka Mzee wetu, mumewe, akamwomba atafute kazi.

Mwaka 2011, pamoja na mwenzake aliyekuwa akisimamia matangazo kwenye gazeti, alifungua tovuti ya habari. Mwenzake huyo sote tunamwita Bwana Namba, maana hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kuchungulia ni watu wangapi wamesoma nini. Yuko hapa leo, na ameruhusu yake yasemwe. Chumba chao kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, unapanda kwa ngazi ya chuma. Kulikuwa na meza mbili, kompyuta tatu na birika la umeme. Ukiwasha birika, kompyuta moja inazima.

Jina la Mama Subiri lilizaliwa kwenye chumba hicho. Mtu akiingia na habari ya moto, kidole kiko juu ya kitufe, Mama alisema bila kuinua macho, "Subiri." Halafu maswali yanafuata. Nani kakwambia? Aliona au alisikia? Yuko mwingine, asiyejuana naye, anayesema hivyo hivyo? Anayelaumiwa umempigia?

"Mama, wenzetu wameshatoa!" Bwana Namba alilia, mikono kichwani.

"Wameshatoa nini?"

"Habari!"

"Kama ni habari au si habari, tutajua kesho."

Alikuwa akisema kwamba kwenye gazeti kulikuwa na mashine ya kuwazuia: mpaka iwashwe, mpaka wino ukauke, mtu ameshapata nafasi ya kujirudi. "Huku kwenye mtandao hakuna cha kutuzuia ila sisi wenyewe." Basi akajifanya yeye ndiye mashine. Picha ya mtoto aliyeumizwa haikupita mbele yake. Habari ya kifo haikutoka kabla familia haijaambiwa, maana aliona ni vibaya mke ajue amefiwa kwa simu kutetemeka mkobani akiwa sokoni. Picha iliyopigwa na mtu mwingine haikuchukuliwa bila kuombwa, na aliyeipiga alitajwa. Kichwa cha habari kilichokuwa kinatisha kuliko habari yenyewe alikirudisha kwa mwandishi, na kukirudisha tena.

Mfanyabiashara mmoja wa magodoro alipanda ile ngazi ya chuma akiwa na makala ya kujisifu, akataka itoke kama habari ya kawaida.

"Itatoka," Mama akamwambia, "na juu yake tutaandika TANGAZO."

"Mama, ukiandika tangazo watu hawasomi."

"Kwa hiyo unataka wasome bila kujua?"

"Hapana, mimi nataka tu..." Akakwama.

"Godoro lenyewe zuri?"

"Zuri sana, mama! Walahi!"

"Sasa unajificha nini, baba?"

Akakubali, akateremka anacheka. Mwisho wa mwaka akaleta godoro la zawadi nyumbani. Mama akalirudisha, maana alisema siku godoro hilo likichanika watu waje kulalamika, yeye atakuwa amelilalia. Mzee wetu alisikitika. Alikuwa ameshajilaza juu yake mchana mmoja, na anasema mpaka leo mgongo unalikumbuka.

Tumemtaja Mzee, na ndoa ndiyo inafuata. Mzee ni fundi wa redio. Aliitwa kwenye chumba cha habari cha lile gazeti kutengeneza redio moja, akaitengeneza, kisha akarudi mara tatu kuitazama ingawa ilikuwa inasema vizuri tu. Alipopiga moyo konde akamwomba Mama uchumba, alijibiwa neno ambalo baadaye tulilizoea wote: "Subiri." Mama alikwenda kimya kimya kwa mama mwenye nyumba aliyempangisha Mzee, kisha kwa bosi wa zamani wa Mzee, watu wasiojuana kabisa. Bosi alimsifu. Mama mwenye nyumba akasema, "Kodi analipa, vishindo hana, ila akiimba bafuni tunafunga madirisha." Mama akarudi kwa Mzee.

"Nimesikia unaimba vibaya. Kweli?"

"Kweli tupu."

"Basi nimekubali. Ungekataa hilo, ningekwenda zangu."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja. Kwenye nyumba yao hakuna aliyewahi kupigwa kwa kosa lililosimuliwa na mtu mmoja. Watoto walilijua hilo, wakalitumia vizuri.

Sasa lile la mpishi.

Jumanne moja ya Februari 2019, watoto wa shule moja ya msingi waliumwa tumbo baada ya chakula cha mchana. Walipelekwa zahanati, na jioni ile ile wote walirudi nyumbani kwa miguu yao. Lakini mchana ule mji ulikuwa umeshikwa na hofu. Kurasa za watu wengine zilikuwa zimejaa, na wasomaji walikuwa wakiuliza kwa nini kwa Mama Subiri kuko kimya. Mwandishi wake alileta wazazi wawili. Wote wawili walisema mpishi wa shule alikuwa amegombana na mwalimu mkuu wiki ile, akasema, "Mtaniona." Wote wawili walisema lazima ametia kitu kwenye sufuria.

"Mpishi mwenyewe anasemaje?" Mama akauliza.

"Tumempigia, hapokei."

"Subiri."

"Mama, leo tukisubiri tumekwisha," Bwana Namba akasema. "Wazazi wawili hao! Si ndiyo sheria yako?"

Siku hiyo Mama alilegea. Yeye mwenyewe alilisema hivyo, hakumung'unya maneno: "Sikulazimishwa. Nililegea." Habari ikatoka na jina la mpishi, na picha yake aliyopigwa shuleni siku ya mahafali akiwa na aproni, na kichwa kikubwa: MPISHI ADAIWA KUWATILIA WANAFUNZI SUMU.

Kumbe mpishi hakupokea simu kwa sababu aliiacha jikoni, akakimbilia zahanati na watoto. Alikuwa akiwashika vichwa wakitapika. Na wale wazazi wawili hawakuwa wawili. Mmoja aliyasikia kwa mwenzake getini, akayabeba kama yake. Ulikuwa mdomo mmoja uliosema mara mbili.

Mpishi alisimamishwa kazi. Mikate aliyokuwa akiuza asubuhi mlangoni kwake ikawa inalala. Wengine walinunua, wakapita kona, wakatupa.

Mwezi Machi majibu ya vipimo yalitoka. Kifuniko cha tangi la maji la shule kilikuwa kimepasuka, na maji yalikuwa machafu. Chakula hakikuwa na kitu. Mama aliposoma yale majibu, alivua miwani akakaa nayo mkononi. Kisha akaandika masahihisho, akayaweka juu kabisa ya ile habari ya zamani, mahali ambapo kila anayefungua atayaona, na akaamuru itumwe tena kwenye makundi yote ya simu walikotuma mwanzo. Alirudi nyumbani amechangamka. Alimwambia Mzee, "Leo tumefanya haki."

Hapo ndipo walipokosea mara ya pili, na kosa hili ni la watu wa kazi yao hasa. Habari ya mtandaoni inapotumwa kwenye simu, kinachoonekana kwanza ni picha na kichwa. Masahihisho yalikuwa ndani. Nje, picha ilikuwa ile ile ya aproni, na kichwa kile kile cha sumu. Na watu wengi hawafungui. Wanaona, wanashtuka, wanatuma kwa wengine. Kabla ya jioni habari ilikuwa imezunguka mji upya, na waliokuwa hawajasikia wakasikia. Wengine walidhani amerudia.

Simu ya ofisini ililia kesho yake asubuhi. Alikuwa mpishi.

"Mama, nauliza tu. Mimi niko nyumbani tangu mwezi uliopita, hata ufagio wa shule sijaugusa. Hii jana nimemtilia nani sumu?"

"Naomba nije," Mama akasema, na upande wa pili simu ikakatwa.

"Tuifute tu yote, yaishe," Bwana Namba akasema, na safari hii hata yeye hakuwa akitazama namba.

"Tukifuta tutakuwa tumejisafisha sisi. Walioisoma watabaki wanaamini uongo, na hakutakuwa na pa kuwaonyesha. Tumemuuliza yeye anataka nini?"

Hawakuwa wamemuuliza. Mara ya kwanza waliandika juu yake bila kumsikia, na mara ya pili wakamtetea bila kumsikia.

Mama alikwenda. Mpishi alikuwa jikoni kwake, chumba chembamba cha nyuma, anakatakata vitunguu. Hakugeuka.

"Umekuja kupiga picha?"

"Simu nimeiacha nje kwa mwenzangu, dada."

"Dada? Mlipoandika mliniita mtuhumiwa."

"Ndiyo. Tulikuita hivyo."

"Kaa hapo kwenye ndoo. Viti vyangu vimechoka, vikikuangusha mtaandika nimekusukuma."

Mama akakaa kwenye ndoo. Akasema alichokuja kusema: kwamba walikosea, kwamba yeye ndiye mhariri, kwamba hakuna mwingine wa kulaumiwa, na kwamba safari hii hataandika neno mpaka aambiwe na mwenyewe. Mpishi alikata vitunguu vyote mpaka vikaisha. Ndipo akasema anataka picha iondoke kila mahali. Anataka jina lake liondoke. Anataka asiyefungua aone ukweli vile vile alivyouona uongo. Na kabla haijatoka, asomewe.

Katika kazi yao, anayeandikwa hapewi habari aipitishe kabla haijatoka. Ni mwiko, na Mama aliushika mwiko huo maisha yake yote. "Ingekuwa habari, ningekukatalia," akasema. "Lakini hii ni radhi. Siwezi kukuomba radhi bila wewe kuisikia."

Akarudi siku iliyofuata na karatasi, akasoma pale pale jikoni. Mpishi alimsikiliza mpaka kati, akainua mwiko.

"Hapo. Rudia."

"'Kosa lilitokea katika habari yetu ya...'"

"Lilitokea lenyewe? Kama mvua?"

Mama akachukua kalamu, akafuta, akaandika "Tulikosea." Alikuwa akisema hajawahi kuhaririwa vizuri hivyo tangu alipoanza kazi. Habari mpya ikatoka na kichwa chake: TULIKOSEA: MPISHI WA SHULE HAKUWATILIA WATOTO SUMU, TANGI LA MAJI LILIKUWA CHAFU. Picha iliyowekwa ilikuwa ya tangi. Kwenye ile ya zamani waliondoa jina na sura, wakabadilisha kichwa, wakaacha maelezo ya nini kiliondolewa na kwa nini. Kabla ya kuituma, Bwana Namba aliteremka ngazi, akamwomba muuza vipuri aifungue kwenye simu yake ili waone inavyoonekana kwa mtu wa nje. Tangu hapo hakuna masahihisho yaliyotoka pale bila kupita kwanza dukani kwa muuza vipuri, na mzee yule amekuwa mkali kuliko wahariri.

Lakini mtandao haurudishi kila kitu. Kurasa nyingi zilikuwa zimenakili ile habari ya kwanza. Mama alijifunga kibwebwe, akazipigia moja baada ya nyingine. Wengi waliiondoa, wengine kwa aibu, wengine kwa kuchoka. Ulibaki ukurasa mmoja, wa bwana mmoja wa mji mwingine, na huo mmoja ulitosha. Shule ilitaka kumrudisha mpishi, na kila kikao cha wazazi mtu alitoa simu, akatafuta jina lake, akawaonyesha wenzake ile picha ya aproni. Kikao kinavunjika. Mpishi akawa anafua nguo za watu.

Agosti 2021 Mama alianza kuishiwa pumzi kwenye ile ngazi ya chuma. Hospitalini walisema moyo wake umepanuka. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Mwishoni alihamia chumba cha chini pale nyumbani, na mke wa mwanawe akahamia naye pamoja na mtoto mchanga, ili mmoja akiamka wote wahudumiwe. Mkwe wake aliona mambo madogo. Aliona miguu ikivimba mpaka kandambili zikawa haziingii. Aliona kwamba mtoto akilazwa ubavuni pake, Mama anapumua polepole zaidi. Na aliona kwamba Jumatatu, baada ya chai, Mama anachana nywele vizuri kabla ya kumpigia mtu asiyeweza kumwona.

Alikuwa anampigia yule bwana wa ukurasa.

"Mama, nilishakwambia. Hiyo habari bado inaniletea wasomaji. Kwanza wewe ni nani kwangu?"

"Mimi ndiye niliyeandika huo uongo. Wewe uliuchukua kwetu bila kuomba, na sikukuuliza kitu. Naomba tu unirudishie uongo wangu."

Bwana alicheka. Jumatatu iliyofuata hakupokea. Iliyofuata alipokea, akasema yuko mkutanoni, na kwenye mkutano huo kuku walikuwa wanasikika. Mama hakumgombeza hata siku moja. Alimuuliza hali ya watoto, akamweleza ya mpishi, akaaga. Wakati mwingine pumzi ilimwisha katikati ya neno, na bwana yule akawa anasubiri kimya mpaka irudi.

Katikati ya Machi 2022, Mama akiwa amelazwa, yule bwana alipiga mwenyewe.

"Mama, nikiifuta utaacha kunipigia?"

"Kwa hilo nitaacha. Kwa salamu nitaendelea. Lakini usifute tu, mwanangu. Useme pia kwamba haikuwa kweli."

"Wewe mama ni mgumu!"

"Mistari miwili tu."

Asubuhi iliyofuata Mama alimwomba mkwe wake atafute. Lakini simu ya mkwe alikuwa haiamini. Alisema imeufungua ukurasa ule mara nyingi, imezoea kuonyesha mambo ya jana. Nesi wa zamu akatoa yake mfukoni. Mkwe, mtoto mgongoni, akaandika jina la mpishi na la shule, herufi moja moja. Aproni haikuwepo. Sumu haikuwepo. Ilikuwepo habari ya tangi, na chini yake mistari miwili ya yule bwana: kwamba waliandika jambo lisilo kweli juu ya mpishi wa shule, na kwamba wanamwomba radhi.

"Teremsha tena," Mama akasema. "Endelea. Endelea mpaka mwisho."

Wakateremka mpaka mwisho. Hakukuwa na kitu.

Mama aliegemea mto, akatoa pumzi ndefu ambayo wote wodini waliisikia. Nesi alishtuka, akamshika mkono kupima mapigo. "Mimi mzima," Mama akamwambia. "Nipeni chai, na sukari msinipimie." Alikunywa yote. Alilala usingizi mzito mpaka mchana, mdomo wazi, akikoroma. Mkwe wake alimtazama, akalia kidogo, akambadilisha mtoto nepi.

Aprili kikao cha wazazi kilikaa tena. Mtu akatoa simu, akatafuta, akairudisha mfukoni. Mpishi akarudishiwa ufunguo wa jiko. Wiki hiyo hiyo alikuja nyumbani, akasimama mlangoni mwa chumba cha Mama.

"Nimerudi kazini, mama."

"Watoto wanasemaje?"

"Wanasema chumvi haitoshi."

"Na kweli haitoshi?"

"Uongo mtupu!" akasema mpishi, na wote wawili wakacheka mpaka Mama akaishiwa pumzi na tukawagombeza.

Mama aliaga dunia Jumamosi, tarehe 7 Mei 2022, alasiri, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Mzee alikuwa amemshika mkono, na mjukuu wake mdogo alikuwa amelala ubavuni pake. Hakuhangaika. Pumzi zilikwenda zikipungua, kisha zikatosha. Kabla ya kumwambia mtu yeyote, Mzee alituamuru tumwite daktari ahakikishe. Baada ya hapo waliambiwa watoto wote, kisha ndugu zake, kisha Bwana Namba, na habari haikutoka kwenye tovuti mpaka wa mwisho wao alipopokea simu.

Mama ameacha mume, dada mmoja, kaka wawili, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, na wafanyakazi wa chumba cha juu ya duka la vipuri, ambao wameahidi birika litabaki mahali pake. Yule bwana wa ukurasa amesafiri kuja. Amesimama nyuma pale, na akisalimiwa ataitika.

Na mpishi yupo. Alikuja alfajiri, akavaa aproni, akatutoa sote jikoni. Alisema jina lake tulitaje kwa mdomo, tusilichape, nasi tumefanya alivyotaka. Chakula cha leo amekipika yeye. Watoto wa shule yake waliokuja na walimu wao wameshaanza kuuliza kitakuwa tayari saa ngapi. Tukitoka hapa, karibuni wote mle.

Mama amepumzika. Amani aliyoipata akiwa hai, Mungu amwachie.